Njia ya Karatasi: Namna Biro Zinavyofanya Kazi, na Kwa Nini Jambo Hili Linagusa Amani Yetu

(Mazungumzo ya redio kwa familia zilizohama, kwa wenyeji waliowapokea, na kwa viongozi wa teritware ya Lubudi. Yameandikwa hapa kama yalivyosemwa.)

  

Leo hatutazungumza juu ya bunduki. Tutazungumza juu ya karatasi. Labda mtu atasema: karatasi na amani, zinapatana wapi? Sikilizeni kwanza mfano huu.

Mama mmoja amekimbia kijiji chake na watoto wanne. Vitambulisho vyote vimebaki nyumbani, na nyumba imeungua. Anakwenda kwenye biro kuomba karatasi. Siku ya kwanza anaambiwa: mkubwa hayupo. Siku ya pili anaambiwa: leta barua ya shefu. Siku ya tatu analeta barua, anaambiwa: rudi kesho. Akitoka nje, jirani aliyekaa barazani anamwambia kwa sauti ndogo: «Mama, wanakukataa kwa sababu wewe si mtu wa hapa. Kama ungekuwa wa kabila lao, ungekuwa umekwisha kupata.»

Wandugu, neno hilo moja linaweza kuwa kweli, na linaweza kuwa uongo. Lakini likiingia moyoni, halitoki. Mama atalibeba hadi kisimani, kisimani litaingia katika masikio kumi, na jioni vijana watakuwa wakisema: «Hawa watu wa biro wanatuchukia.» Hivyo ndivyo «rudi kesho» inavyogeuka kuwa vita. Kwa hiyo sherti tujue: mara gani «rudi kesho» ni chuki, mara gani ni ulafi, na mara gani ni njia ya kawaida ya kazi ya biro. Mtu anayeweza kutenga mambo hayo matatu, huyo amekwisha kuanza kazi ya amani.

BIRO NI NINI?

Zamani, shefu aliwajua watu wake kwa sura. Kule Bunkeya, ambayo leo iko katika teritware yetu ya Lubudi, M'siri alitawala eneo kubwa bila daftari. Kesi zililetwa mbele ya watu, wazee walikumbuka, na neno la shefu lilikuwa sheria. M'siri aliuawa tarehe 20 Desemba 1891, na baada yake ukaja utawala wa namna nyingine: utawala wa kuandika. Mwaka 1906 kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa, na maelfu ya watu wakaitwa kazini kutoka mbali. Bwana wa kazi hakuweza kuwajua kwa sura. Basi kila mtu akapewa namba, akaandikwa katika daftari: jina, baba, kijiji, siku aliyoingia kazi, posho, kosa. Mtu akawa na miili miwili: ule wa nyama na damu, na ule wa karatasi. Ule wa karatasi ukipotea, ule wa nyama hupata taabu.

Neno lenyewe «biro» ni la Kifaransa. Kwanza lilikuwa jina la kitambaa kilichotandikwa juu ya meza ya kuandikia, kisha likawa jina la meza, kisha la chumba, kisha la kazi yote. Kwa hiyo birokrasi maana yake ni utawala wa meza. Mjerumani mmoja mwenye elimu, Max Weber, aliyefariki mwaka 1920, alichunguza utawala huo na kuonyesha alama zake. Tuzitaje kwa maneno yetu:

Moja: kila mtu ana kazi yake na mpaka wake. Anayeandika watoto waliozaliwa si yule anayepima shamba.

Mbili: kuna ngazi. Wa chini anatii wa juu, na wa juu anajibu makosa ya wa chini.

Tatu: kazi inafuata sheria iliyoandikwa, si hasira au furaha ya siku ile.

Nne: kila jambo linaandikwa na kutunzwa katika faili, ili mkubwa akiondoka, anayemfuata ajue kilichofanywa.

Tano: mtu anawekwa kazini kwa ujuzi wake, si kwa sababu ni mtoto wa dada. Na kiti ni mali ya kazi. Si mali yake.

Mnaona, wandugu? Mpango huu ulifanywa ili maskini na tajiri, mwenyeji na mgeni, wapimwe kwa kipimo kimoja. Biro nzuri haina macho ya kutazama kabila. Constitution yetu ya tarehe 18 Februari 2006 inasema hivyo katika artikle ya 193: utawala wa serikali hauna chama, hauegemei upande, na hakuna mtu aliye na ruhusa ya kuugeuza kwa faida yake au ya kundi lake. Lakini jambo lililofanywa kwa ajili ya haki linaweza pia kuwa gumu kama jiwe. Kipimo kimoja kinamfaa mtu aliye na karatasi zote. Kinamwumiza yule aliyekimbia usiku mikono mitupu.

NGAZI ZA LETA

Wengi wetu tunahangaika kwa sababu tunagonga mlango usio wenyewe. Basi tupande ngazi pamoja, kutoka chini.

Chini kabisa kuna kijiji na shefu wake. Vijiji vingi vinafanya grupema. Grupema nyingi zinafanya sekta au sheferi. Sheferi ni eneo la mila moja, chini ya shefu mkubwa mmoja wa mila. Sekta ni eneo ambako watu wa mila mbalimbali wameunganishwa. Juu ya hizo kuna teritware, na mkubwa wake ni administratere, pamoja na wasaidizi wake wawili. Juu ya teritware kuna provinsi, yaani Lualaba, na makao yake ni Kolwezi. Mwisho kuna Kinshasa.

Sasa sikilizeni jambo ambalo watu wengi hawalijui. Ngazi hizi si za namna moja. Kwa sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008, mji, komini, sekta na sheferi ni kama nyumba yenye jiko lake: zina jina lao mbele ya sheria, na feza zao, na mipango yao. Lakini teritware, grupema na kijiji ni kama mikono ya mwili mmoja. Mkono hauna jiko. Unafanya kinachotumwa na kichwa. Ndiyo maana administratere, hata akiwa mtu mwema, mara nyingi anakuambia: «Nitapeleka jambo lako Kolwezi.» Hakukimbii. Jambo hilo haliko katika uwezo wa kalamu yake. Na ndiyo maana ukiuliza juu ya soko la sekta au barabara ya sekta, uanze kwa shefu wa sekta, kwa sababu sanduku la feza hizo liko kwake.

Tena provinsi yetu bado ni changa. Mwaka 2015 Katanga iligawanywa kuwa provinsi nne: Haut-Katanga, Haut-Lomami, Tanganyika na Lualaba. Zamani Lubudi ilikuwa chini ya distrikti ya Kolwezi, na makao ya provinsi yalikuwa Lubumbashi. Kwa hiyo mafaili mengine ya zamani yako Lubumbashi, na mapya yako Kolwezi. Mtu mwenye karatasi iliyoandikwa «Katanga» asiogope wala asidharauliwe: cheti cha kuzaliwa kilichotolewa kwa haki hakifi kwa sababu provinsi imebadili jina.

SAFARI YA BARUA

Tuseme umeandika mukanda kwa administratere. Unapita wapi?

Kwanza unafika kwa karani wa kupokea. Yeye anauandika katika daftari la barua zinazoingia: tarehe, jina lako, jambo unaloomba, na namba. Anapiga kashe ya kupokea. Kisha barua inapelekwa mezani kwa mkubwa. Mkubwa anaisoma na kuandika pembeni: «Kwa fulani, achunguze.» Barua inashuka kwa fulani. Fulani anatafuta sheria, anatafuta faili, pengine anamwuliza shefu wa grupema. Anaandika jibu, lakini hana ruhusa ya kulitia sahihi. Jibu linapanda tena kwa mkubwa. Mkubwa anatia sahihi, karani anapiga kashe, anaandika namba katika daftari la barua zinazotoka. Ndipo unaitwa.

Hesabuni milango hiyo. Katika kila mlango barua inaweza kulala. Inalala kwa sababu haikupewa namba. Inalala kwa sababu mwenye sahihi amesafiri Kolwezi. Inalala kwa sababu wino umekwisha au mashine ya kuandika haina umeme. Inalala kwa sababu hukusema wazi unaomba nini. Na mara nyingine, tuseme ukweli, inalala kwa sababu mtu fulani anangoja umpe «kitu kidogo».

Juu ya hicho kitu kidogo, tuseme pia kinapotoka, maana ugonjwa unaponywa ukijulikana. Wazee wetu wanakumbuka miaka ya 1990. Mshahara wa mfanyakazi wa Leta ulikuwa haufiki kwa miezi mingi, na ukifika haukununua hata mfuko wa unga. Leta iliwaacha watumishi wake wale wanapofanyia kazi. Watu wakasema: «Artikle 15, kila mtu ajitafutie.» Desturi hiyo ilikaa katika biro, hata baada ya mishahara kuanza kupitishwa benki tangu mwaka 2011. Karani mwenye njaa ni mtu wa kuhurumiwa. Lakini huruma hiyo haimpi haki ya kumlipisha mama aliyekimbia vita.

Basi ukiombwa feza kwenye biro, uliza maneno matatu kwa adabu. La kwanza: «Baba, malipo haya yameandikwa katika sheria gani?» Artikle ya 174 ya constitution inasema kodi haiwezi kuwekwa ila kwa sheria. La pili: «Nitapata kitansi yenye jina langu na kashe?» La tatu: «Kitansi hiyo itaonyesha kiasi chote ninachotoa?» Kama majibu ni ndiyo, hiyo ni ada, lipa na utunze kitansi. Kama hakuna sheria, hakuna kitansi, na sauti inapunguzwa, hapo mmetoka katika biro na kuingia sokoni.

KARATASI ZA FAMILIA ILIYOHAMA

Sasa tuje kwa yale yanayohusu maisha yenu hasa.

Mtoto aliyezaliwa. Kwa sheria ya familia iliyorekebishwa mwaka 2016, kuzaliwa kwa mtoto sherti kutangazwe katika biro ya etasivili kabla ya siku 90 kupita. Ndani ya siku hizo kuandikisha ni bure. Usingoje kurudi kwenu. Chukua karatasi ya maternite au ushuhuda wa mzalishaji, nenda mahali ulipo. Siku 90 zikipita, njia inakuwa ndefu: sherti upitie mahakamani kupata hukumu inayoshika nafasi ya tangazo, na safari ya kwenda mahakamani ina gharama. Ninyi mashefu wa vijiji, kila mtoto anayezaliwa katika familia iliyohama, wakumbusheni wazazi hesabu hiyo ya siku 90. Ni msaada usioomba feza.

Kitambulisho. Kwa miaka mingi nchi yetu haikutoa kitambulisho cha taifa. Tangu mwaka 2005, karata ya mchaguzi ndiyo imekuwa ikishika nafasi yake. Mwezi wa sita mwaka 2023 ilizinduliwa karata mpya ya taifa, lakini bado watu wengi wanaishi kwa karata ya mchaguzi. Aliyepoteza aende kwa utawala wa mahali alipo, na mashahidi, aombe karatasi inayothibitisha kwamba vitambulisho vimepotea. Mashahidi wawili wanaomjua vizuri wana thamani kuliko kelele za watu kumi.

Masomo. Tangu mwezi wa tisa mwaka 2019, masomo ya msingi katika shule za serikali ni bure, kama artikle ya 43 ya constitution inavyotaka. Mtoto aliyehama asirudishwe nyumbani kwa sababu baba yake hana feza ya kumwandikisha. Karatasi ya darasa ikiwa imepotea, mwombe mwalimu mkuu ampime mtoto kwa kumwuliza, huku karatasi zikitafutwa.

Kukaa. Kuna maneno yanayosikika: «Rudi kwenu, hapa si kwenu.» Artikle ya 30 ya constitution inasema kila mtu aliye katika nchi hii ana haki ya kutembea, kukaa mahali anapotaka, kuondoka na kurudi. Lakini haki ya kukaa haimaanishi haki ya kuchukua shamba la mtu. Kwa sheria ya mwaka 1973 ardhi ni mali ya Leta, na vijijini wazee wa mila ndio wanaojua mipaka. Aliyehama aombe shamba la kulima mbele ya shefu na mashahidi, na iandikwe: ni shamba la kuazimwa au la kupewa? Kwa misimu mingapi? Ugomvi mwingi wa mashamba unaanzia kwa «ndiyo» ambayo kila upande uliisikia kwa namna yake.

MASHIRIKA MAKUBWA NAYO NI BIRO

Mtu anaona gari jeupe, anafikiri: hawa wana feza, wanaweza kutoa leo. Hapana. Shirika kubwa ni biro kama biro ya Leta, na pengine ngazi zake ni ndefu zaidi, maana mwisho wake uko Geneva, Roma au New York.

Kila shirika lina kazi iliyoandikwa. PAM ni chakula. UNICEF ni watoto. HCR ni ulinzi wa wakimbizi. OCHA kazi yake ni kupatanisha kazi za wengine; ukiiomba unga, unamwomba mwenye kupanga safari akupe gari. Na feza zinatoka kwa nchi zinazouliza: zilimfikia nani? Mwonyesheni sahihi yake.

Ndiyo maana mnaandikwa mara mbili, mara tatu. Kwanza habari inafika: watu wamehama. Pili, wanakuja watu wa kutazama na kuhesabu. Hawa hawaleti kitu; wanaleta kalamu. Tatu, wakubwa wao wanaamua kama kuna feza, na ni nani walio na taabu kupita wengine. Nne, orodha inahakikishwa. Tano, jeto zinatolewa. Sita, msaada unagawanywa. Baadaye wanarudi kuuliza kama umefika. Kuandikwa jina si ahadi ya kupewa. Ninyi viongozi, semeni hivyo waziwazi siku ya kwanza, maana watu wakidhani wameahidiwa, hasira yao itawaangukia ninyi.

Na hapa ndipo moto unapowaka kati ya waliohama na wenyeji. Mwenyeji amegawana nyumba yake, mihogo yake, kisima chake. Siku ya msaada, orodha inawataja wageni tu. Moyoni anasema: «Nimekuwa mpumbavu.» Wandugu waliohama, mwoneeni huruma mtu huyo. Wandugu viongozi, fanyeni mambo manne. Orodha isomwe kwa sauti mbele ya watu wote, mchana, mahali pa wazi. Wenyeji walio na taabu waelezwe kwa shirika tangu siku ya kuhesabu, si siku ya kugawa. Komite ya orodha iwe na wanawake, na watu wa pande zote mbili. Na pawe na siku na mahali pa kupokea malalamiko, yaandikwe na kupewa namba. Orodha iliyofichwa ni baruti.

Tunao mfano wa karibu juu ya orodha na mashirika makubwa. Tangu mwaka 2003 Gécamines, kwa feza za Benki ya Dunia, iliwaacha zaidi ya wafanyakazi 10,000 kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Wengi walikuwa watu wa Kolwezi, Likasi na Lubumbashi, na walikuwa wamekaa miezi mingi bila mshahara. Walipewa feza na kutia sahihi. Baadaye wengi wakasema hesabu haikuwa ya haki. Wakafanya umoja wao, wakaandika, na mwaka 2009 malalamiko yao yakafika mbele ya tume ya uchunguzi ya Benki ya Dunia, kule Washington. Hawakupata yote waliyoyataka. Lakini tazameni: mtu wa Kolwezi alijua mlango gani wa kugonga ng'ambo ya bahari. Tujifunze mambo mawili. Usitie sahihi karatasi usiyosomewa. Na utunze kila karatasi ya kazi, hata ikiwa imechakaa.

FEZA ZA MADINI

Hapa Lubudi hatuwezi kusema juu ya biro bila kusema juu ya madini. Shaba na kobalti za Tenke na Fungurume zimo katika teritware yetu, na kuna familia zilizohama kwa sababu ya uchimbaji, bila kusikia mlio wa bunduki. Sheria ya madini iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018 imegawa ushuru wa madini namna hii: asilimia 50 kwa serikali ya Kinshasa, 25 kwa provinsi, 15 kwa mji, komini, sekta au sheferi ambamo mgodi uko, na 10 kwa fungu la vizazi vijavyo. Tena kampuni sherti itoe sehemu ya asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya vijiji vinavyozunguka mgodi.

Basi badala ya kusema barazani «wamekula feza zetu», ulizeni kwa namba. Sekta yetu ilipokea kiasi gani? Mwezi gani? Imefanyiwa nini? Nani alitia sahihi? Swali lenye tarehe na namba ni gumu kulikimbia. Na shefu aliye mwaminifu atalifurahia, kwa kuwa litamwondolea masengenyo.

NGUVU YA BARUA YENU

Wengine watasema: sisi ni watu wadogo, nani atatusikia? Artikle ya 27 ya constitution inasema kila Mkongomani, peke yake au pamoja na wengine, ana haki ya kuandikia serikali ombi, na serikali sherti ijibu katika miezi mitatu. Tena inasema hakuna atakayeshitakiwa kwa sababu ya kuandika ombi hilo.

Andikeni hivi: tarehe, mahali, majina ya wanaoomba. Kisha jambo moja tu. Si malalamiko ya miaka kumi katika barua moja. Semeni lililotokea, siku gani, na mnaomba nani afanye nini. Pelekeni nakala mbili. Moja ibaki kwa karani, na ya pili apige kashe ya kupokea na kuandika namba, nanyi mrudi nayo. Kutoka siku ile, ukiuliza usiseme «ile barua yangu». Sema: «Barua namba fulani, ya tarehe fulani.» Utaona uso wa karani unabadilika. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Haki nayo ni mali.

KUMBUKENI KILICHOTUPATA

Wandugu, tumalizie kwa jambo zito. Mwaka 1992 na 1993, maelfu ya familia za asili ya Kasai zilifukuzwa Likasi na Kolwezi. Watu waliozaliwa hapa, watoto na wajukuu wa walioletwa na kampuni na shemendefere, walilala kwenye stesheni wakingoja gari la moshi. Reli ya kutoka Kolwezi kwenda Kamina na Mwene-Ditu inapita hapa hapa Lubudi. Wengi walifia njiani na stesheni. Na kabla ya fimbo na moto kulikuwa na maneno. Mojawapo lilikuwa juu ya biro: nani amejaza viti vya kazi, nani anawapendelea ndugu zake. Pengine mtu mmoja alikuwa kweli amenyimwa kazi bila haki. Lakini kosa la biro lilihukumiwa juu ya kabila zima, na mtoto asiyejua hata kuandika jina lake akalipa deni la mwenye kalamu.

Kwa hiyo tunawaomba jambo hili. Karani akikukosea, sema: «Karani huyu, siku hii, katika jambo hili.» Usiseme: «Watu wale.» Kosa lenye jina, tarehe na namba linaweza kurekebishwa. Kosa la «watu wale» halina dawa ila damu.

Nanyi mlio nyuma ya meza, yaya zetu na baba zetu, tunawaomba pia. Mwambieni mtu sababu. Badala ya «rudi kesho», semeni: «Mkubwa yuko Kolwezi hadi siku ya Alhamisi, barua yako ina namba hii, njoo Ijumaa.» Maneno hayo hayana gharama, wala hayahitaji sahihi ya mkubwa. Na yule mama wa watoto wanne atatoka nje, na jirani yake barazani akianza kunong'ona juu ya kabila, atamjibu: «Hapana, ndugu. Ninajua barua yangu iko wapi.»

Mkiwa nyumbani au chini ya mti, ongeeni juu ya maswali haya. Katika kijiji chetu, nani anatunza orodha, na nani ameiona? Watoto wangapi waliozaliwa mwaka huu hawajaandikwa? Ugomvi gani kati yetu ulianza kwa neno la biro ambalo hakuna aliyelieleza?

 Mwenye kusoma amsomee asiyejua kusoma. Mkae kwa amani.